Mvamizi apangapo thamani ya pesa, mwananchi ndiye hulipa

MSOMAJI anayefungua kurasa za biashara za gazeti lolote nchini hukutana na jedwali dogo linaloonyesha thamani ya shilingi ikilinganishwa na dola ya Marekani, pauni ya Uingereza, yuro na sarafu za majirani wetu. Tangu 1993, Kenya ilipoacha utaratibu wa serikali kupanga thamani ya shilingi, tarakimu hizo hupanda na kushuka kutegemea nani anauza na nani ananunua. Chai na maua yakiuzwa kwa wingi ng'ambo, shilingi hupata nguvu. Bei ya mafuta ikipanda, shilingi huyumba. Benki Kuu huweza kuingia sokoni kununua au kuuza dola, lakini haiamki asubuhi ikatangaza kwamba dola ni shilingi kadhaa na atakayepinga atafungwa.

Hali huwa tofauti kabisa nchi inapotekwa na jeshi la kigeni. Siku chache baada ya mizinga kunyamaza, pengine kabla hata wafu hawajazikwa wote, tangazo hubandikwa kutani likieleza kwamba pesa za jeshi sasa ni halali kwa malipo yote, na kwamba noti moja ya mgeni ni sawa na noti kadhaa za mwenyeji. Mwenye duka anayekataa kuipokea huadhibiwa.

Tangazo lenyewe huwa la mistari michache tu na aghalabu hufunikwa na habari za vita vyenyewe. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba mistari hiyo michache imewahi kuhamisha mali nyingi kuliko uporaji wa mchana kweupe. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo yanavyofanyika, yaliwahi kufanyika wapi, na nani hubaki akidai vita vinapokwisha.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika nchi fulani, pesa kumi za mwenyeji hubadilishwa kwa pesa moja ya nchi jirani. Gunia la mahindi huuzwa kwa pesa 100 za mwenyeji, yaani pesa 10 za jirani. Jirani huyo anaivamia nchi hiyo, na kamanda wake anatangaza kwamba kuanzia leo pesa moja ya jeshi lake ni sawa na pesa 20 za mwenyeji.

Mkulima bado anauza gunia lake kwa pesa 100 zilezile. Lakini askari aliyekuwa akihitaji pesa 10 za kwao kununua gunia moja, sasa anahitaji tano tu. Kwa mshahara uleule ananunua magunia mawili. Mkulima haoni hasara siku hiyo, maana amelipwa bei aliyoitaja mwenyewe. Hasara huja baadaye, anapokwenda dukani kununua sukari, chumvi na nguo na kukuta rafu tupu, au bei zimepanda mara tatu. Bidhaa zimekwenda, karatasi ndizo zimebaki.

Mambo huwa mabaya zaidi ikiwa mvamizi mwenyewe ndiye mwenye mtambo wa kuchapisha noti hizo. Hapo hata zile pesa tano humgharimu karatasi na wino tu.

Kuna upande wa pili wa hesabu hiyo. Iwapo mvamizi ataamua kuifuta kabisa sarafu ya mwenyeji na kumtaka kila mtu abadilishe akiba yake, kiwango cha ubadilishaji ndicho kitakachoamua ni sehemu gani ya jasho la mtu itasalia mkononi mwake. Kamanda anaweza kuipunguza akiba ya taifa zima kwa nusu bila kuvunja mlango wa nyumba hata moja.

Msomaji atauliza: kwa nini mwenye bunduki ahangaike na hesabu ilhali angeweza kuchukua tu? Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Kanuni za vita vya ardhini zilizotiwa saini mjini The Hague mwaka 1907 zinakataza uporaji. Aidha, zinaeleza kwamba mahitaji yanayotozwa wakazi yawe ya jeshi linalokalia nchi hiyo, na yalingane na uwezo wa nchi yenyewe. Kanuni hizo hazisemi lolote kuhusu kiwango cha kubadilishia pesa. Sababu ya pili ni ya busara ya kawaida. Mkulima aliyeporwa huficha mazao yake au huacha kulima, lakini aliyelipwa, hata kwa karatasi hafifu, hurudi shambani msimu unaofuata.

Ufaransa: Kulipia askari waliokuteka

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Ufaransa. Majeshi ya Ujerumani yaliishinda nchi hiyo katika muda wa wiki sita tu, na mkataba wa kusitisha vita ukatiwa saini Juni 22, 1940. Kifungu cha 18 cha mkataba huo kiliitwika Ufaransa gharama za kuyatunza majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa katika ardhi yake. Baadaye Ujerumani ilitaja kiasi chenyewe: mark milioni 20 kwa siku.

Kiwango cha ubadilishaji nacho kilikuwa kimekwisha kupangwa: faranga 20 kwa mark moja. Kwa hiyo Ufaransa ilitakiwa kutoa faranga milioni 400 kila siku ya Mungu. Kiwango hicho kiliipa mark nguvu kubwa mno kuliko uwezo wake halisi wa kununua bidhaa. Lau kingepangwa kwa haki, mzigo huo wa mark milioni 20 ungekuwa wa faranga chache zaidi.

Askari wa kawaida ndiye aliyeonja utamu wa mwanzo. Katika maduka ya Paris alinunua soksi za hariri, manukato, mvinyo na viatu vya ngozi kwa bei ambazo kwao zingekuwa ndoto, kisha akatuma vifurushi nyumbani. Wafaransa, ambao kejeli haiwapigi chenga, waliwabandika Wajerumani jina la wale wadudu waharibifu wanaofyeka majani ya mashamba ya viazi.

Lakini askari na mifuko yake walikuwa sehemu ndogo tu. Mwanzoni jeshi hilo lilitumia noti maalum zilizotolewa na ofisi za mikopo za kijeshi ziitwazo Reichskreditkassen. Noti hizo zilitumika katika nchi zilizotekwa ila hazikuwa halali kwa malipo ndani ya Ujerumani kwenyewe. Maana yake ni dhahiri: mwenye duka wa Ufaransa aliyezipokea hangeweza kuzipeleka Berlin akanunulie chochote. Mwishowe zilirudi katika Benki ya Ufaransa, ambayo ililazimika kuzibadilisha kwa faranga. Nayo, ili kupata faranga za kutosha, ilichapisha zaidi.

Njia ya tatu ilipitia katika vitabu vya hesabu. Kiwanda cha Ufaransa kilichouza bidhaa Ujerumani hakikulipwa na mnunuzi. Kililipwa faranga na taifa lake lenyewe, na deni likaandikwa Berlin kwa mark katika hesabu ya kulipana kati ya nchi hizo mbili. Deni hilo lilikua mwaka hadi mwaka bila kulipwa. Kwa jumla, hadi Ufaransa inakombolewa mwaka 1944, ilikuwa imelipa zaidi ya faranga bilioni 600 kama gharama za kutekwa kwake, mbali na madeni hayo ya kibiashara.

Ugiriki: Pesa zinapokufa

Ufaransa ilikuwa tajiri na iliweza kukamuliwa kwa miaka minne bila kuanguka. Ugiriki haikuwa hivyo. Kuanzia Aprili 1941 nchi hiyo ndogo ilikaliwa na majeshi ya mataifa matatu: Ujerumani, Italia na Bulgaria. Ilitakiwa kuwalisha wakaliaji wake ilhali haikuwa na chakula cha kutosha hata cha watu wake, na meli za Uingereza zilikuwa zimezuia bandari. Majira ya baridi ya 1941 hadi 1942 yaliwaua Wagiriki wengi kwa njaa, hasa wakazi wa Athens.

Kodi hazikuingia. Serikali iliyowekwa na wavamizi ikabaki na njia moja tu, nayo ni mtambo wa kuchapisha noti. Kila mwezi Benki ya Ugiriki ilichapisha drakma za kulipia jeshi, na kila mwezi drakma hizo zilinunua vitu vichache kuliko mwezi uliotangulia. Kiwango rasmi cha ubadilishaji kiliendelea kuwepo katika maandishi, lakini sokoni watu walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye sarafu za dhahabu za Uingereza. Nyumba ziliuzwa kwa dhahabu, mafuta ya zeituni yalipimwa kwa dhahabu, hata wavamizi wenyewe walifikia hatua ya kuuza dhahabu katika soko la Athens wakijaribu kupunguza kasi ya kuporomoka kwa drakma.

Mwaka 1944 ilitolewa noti ya drakma bilioni 100. Mwezi Novemba mwaka huo, baada ya Wajerumani kuondoka, serikali iliyorejea ilianzisha drakma mpya. Kila drakma mpya moja ilibadilishwa kwa drakma bilioni 50 za zamani. Mwalimu aliyestaafu akiwa na akiba ya miaka 30 katika benki, au mjane aliyewekewa fedha na marehemu mumewe, hakuwa na kitu tena. Hakuna askari aliyewaibia. Akiba iliyeyuka ikiwa palepale ilipowekwa.

Hong Kong: Nusu, kisha robo

Japani ilichagua mbinu ya moja kwa moja zaidi. Hong Kong, iliyokuwa koloni la Uingereza, ilisalimu amri siku ya Krismasi ya 1941. Wakazi walilazimishwa kutumia yen ya kijeshi, ambayo haikuwa sawa na yen iliyotumika Tokyo na haikuweza kubadilishwa kwa yen hiyo.

Kiwango cha kwanza kilikuwa dola mbili za Hong Kong kwa yen moja. Julai 1942 kikabadilishwa kuwa dola nne kwa yen moja. Mtu aliyekuwa na dola 1,000 angepata yen 500 iwapo alibadilisha mapema. Aliyesubiri akitumaini kwamba Waingereza wangerudi upesi, alipata yen 250. Juni 1943 kuwa na dola za Hong Kong kukawa kosa la jinai, na waliokamatwa nazo waliadhibiwa vikali. Kwa hivyo hata subira haikuwa na heri. Mkazi alilazimika kuchagua kati ya hasara na hatari.

Wakati huohuo, Wajapani waliwalazimisha maafisa wa benki kubwa ya Hongkong and Shanghai kutia saini noti za dola ambazo benki hiyo ilikuwa haijazitoa, zenye thamani ya dola milioni 119, ili wazitumie kununulia bidhaa katika maeneo ambayo dola hizo bado zilikubalika. Noti hizo zilizosainiwa kwa kulazimishwa ziliuzwa kwa bei ya chini kwa sababu hakuna aliyejua kama zingewahi kulipwa. Baada ya vita, mwaka 1946, benki na serikali zilikubaliana kuzitambua. Walanguzi waliozinunua kwa bei ya kutupa wakavuna kwa pupa, ilhali raia aliyekuwa amezikabidhi kwa uaminifu ili apewe yen hakupata chochote.

Kuhusu hizo yen za kijeshi, Wizara ya Fedha ya Japani ilizitangaza kuwa batili Septemba 6, 1945, siku chache tu baada ya nchi hiyo kutia saini hati ya kusalimu amri. Huko Malaya nako Waingereza waliporejea walikataa kuzitambua zile dola za Kijapani ambazo wenyeji waliziita pesa za ndizi, kutokana na mchoro wa mgomba uliokuwa katika noti ya dola kumi. Mtu alilala akiwa na pesa, akaamka na karatasi za kuwashia moto.

Shilingi yetu ilipovuka mpaka

Mambo haya hayakutendeka Ulaya na Asia pekee. Kanda yetu inayo historia yake, na mara moja shilingi ya Afrika Mashariki ndiyo iliyokuwa pesa ya jeshi lililoteka.

Mapema mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yaliyotoka Kenya, wakiwemo askari wa King's African Rifles, yaliingia Somalia iliyokuwa chini ya Italia. Mogadishu ilitwaliwa Februari 25, na Addis Ababa ikaangukia mikononi mwao Aprili 6. Upande wa kaskazini, majeshi yaliyotoka Sudan yaliingia Asmara, nchini Eritrea, mwanzoni mwa Aprili. Katika maeneo yote hayo watu walikuwa wakitumia lira ya Italia.

Waingereza walitangaza kwamba pauni moja ni sawa na lira 480, yaani lira 24 kwa shilingi moja ya Afrika Mashariki. Kabla ya Italia kuingia vitani, kwa kiwango rasmi pauni moja haikuwa ikifika hata lira 100. Fundi seremala wa Asmara aliyekuwa na akiba ya lira 4,800, ambayo katika hesabu ya zamani ingekuwa zaidi ya pauni 48, sasa alihesabiwa kuwa na pauni 10. Ni kweli kwamba lira ya kanda hii ilikuwa imekwisha kudhoofika kwa kukatwa na Italia kutokana na vita, lakini walioamua idhoofike kwa kiasi gani walikuwa wanajeshi.

Palikuwa na sarafu ya tatu. Wahabeshi wengi wa mashambani hawakuiamini lira wala shilingi. Waliamini thala ya fedha ya Maria Theresa, ambayo wazee wa Pwani yetu waliifahamu kwa jina la reale. Jeshi lililotaka kununua ng'ombe na nafaka vijijini halikuwa na budi kuwa nayo, hivi kwamba Waingereza waliitengeneza katika viwanda vyao vya sarafu mjini London na Bombay. Utawala wa kijeshi uliipangia thamani ya lira 45, takriban shilingi moja na senti 88. Hapa ndipo tunapoona kikomo cha amri ya kamanda: angeweza kuishusha lira apendavyo, lakini hangeweza kumlazimisha mkulima wa mlimani aamini karatasi badala ya fedha iliyo mkononi.

Hata hivyo, ipo tofauti kubwa kati ya shilingi hiyo na yen ya Hong Kong. Shilingi ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake London, na iliweza kubadilishwa kwa pauni. Ilikuwa ni shilingi ileile iliyotumika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa Mogadishu aliyeipokea angeweza kuagizia bidhaa Mombasa. Ndiyo sababu haikufa vita vilipokwisha. Ethiopia ilianzisha dola yake mwaka 1945 kwa kiwango cha dola moja kwa shilingi mbili. Somalia ilipopata sarafu yake iitwayo somalo mwaka 1950, ilihesabiwa kuwa sawasawa na shilingi. Waliokuwa na shilingi hawakupoteza kitu. Waliopoteza ni wale walioingia katika vita hivyo wakiwa na lira.

Hata mkombozi hukosea

Miongoni mwa Waingereza walioshughulikia utawala na fedha katika maeneo hayo ya Afrika alikuwa Lord Rennell, mtu mwenye tajiriba ya kazi za benki. Julai 1943 majeshi ya Marekani na Uingereza yalipotua katika kisiwa cha Sicily nchini Italia, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa masuala ya kiraia katika utawala wa kijeshi. Huko kiwango kilipangwa kuwa lira 100 kwa dola na lira 400 kwa pauni. Kabla ya vita, kiwango rasmi kilikuwa lira 19 kwa dola.

Safari hii walioingia walijiita wakombozi, na wakazi wengi waliwapokea kwa shangwe. Lakini hesabu haijui nia ya mtu. Askari wa Marekani aliyelipwa kwa dola akawa bwana mkubwa katika kila soko, bei zikapanda, na familia zilizotegemea mishahara ya lira zikashindwa kumudu mkate. Soko la magendo likastawi.

Kosa la aina nyingine lilitokea Ujerumani mwaka 1945. Washirika walitoa mark za kijeshi, na mtambo wa kuzichapisha ulikuwa pia mikononi mwa Muungano wa Sovieti, ambao uliwalipa askari wake malimbikizo ya mishahara kwa noti hizo. Jeshi la Marekani liliruhusu askari wake kubadilisha mark kumi kwa dola moja. Kiwango hicho kilikuwa kinaipa mark thamani ambayo sokoni haikuwa nayo tena. Askari wa Marekani mjini Berlin aliuza sigara na saa ya mkono kwa maelfu ya mark, hasa kwa askari wa Sovieti, kisha akaenda katika ofisi ya jeshi lake, akazibadilisha kwa dola na kuzituma nyumbani. Muda si muda ikabainika kwamba askari walikuwa wakituma makwao pesa nyingi kuliko mishahara waliyolipwa. Tofauti hiyo ilibebwa na hazina ya Marekani hadi utaratibu huo ulipobanwa.

Funzo ni kwamba kiwango kibaya hukata pande zote mbili. Kikimpendelea mgeni, mwenyeji huuziwa umaskini. Kikiipa sarafu ya mwenyeji thamani isiyokuwa nayo, hazina ya mgeni hutoboka.

Kuwait na Kherson

Kuna anayeweza kudhani kwamba mambo haya yalikwisha pamoja na Vita vya Pili vya Dunia. Agosti 2, 1990 Iraq iliivamia Kuwait. Wakati huo dinari ya Kuwait ilikuwa miongoni mwa sarafu zenye nguvu zaidi duniani, ikibadilishwa kwa zaidi ya dola tatu za Marekani. Dinari ya Iraq nayo, ingawa kwa maandishi ilikuwa na thamani kubwa vilevile, katika soko la magendo ilikuwa imeporomoka baada ya vita vya miaka minane dhidi ya Iran. Serikali ya Saddam Hussein ilitangaza kwamba dinari hizo mbili ni sawa, moja kwa moja, kisha ikaiondoa ya Kuwait katika matumizi. Kwa amri hiyo, kila mwenye dinari dhaifu kutoka Baghdad angeweza kuingia duka la Kuwait na kununua kama tajiri.

Serikali ya Kuwait iliyokuwa uhamishoni haikukaa kimya. Baada ya nchi hiyo kukombolewa Februari 1991, Benki Kuu yake ilitoa noti mpya mwezi uliofuata, na noti zilizoibwa na wavamizi kutoka hazina yake zikatangazwa kuwa batili kwa kutumia nambari zake. Aliyezipora akabaki na karatasi.

Mwaka 2022 jambo hilohilo lilishuhudiwa nchini Ukraine. Urusi ilipokuwa ikiushikilia mji wa Kherson, utawala uliowekwa huko ulitangaza mwezi Mei kwamba rubo itatumika pamoja na hryvnia ya Ukraine, kwa rubo mbili kwa hryvnia moja. Wanajeshi wa Ukraine waliurejesha mji huo Novemba 11 mwaka huohuo, na hryvnia ikarejea nao. Katika miezi hiyo, kila mwenye kioski alilazimika kuamua ni noti ipi ya kuweka chini ya godoro, akijua kwamba uamuzi wake ni sawa na kutabiri nani atashinda vita.

Nani hulipa baadaye?

Kutokana na mifano hii, yapo maswali matatu yanayofaa kuulizwa kila tunaposikia kwamba jeshi la kigeni limeleta pesa zake. Nani amepanga kiwango, na kwa faida ya nani? Je, noti hiyo inakubaliwa katika nchi ya huyo anayeitoa, au ni ya kutumiwa kwa waliotekwa tu? Na vita vikiisha, nani ameahidi kuilipa?

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote. Kuwait ilipata jibu kwa sababu mshindwa alikuwa na mafuta na Umoja wa Mataifa ulisimama kidete. Tume maalum iliyoundwa mwaka 1991 ilikata sehemu ya mapato ya mafuta ya Iraq kuwafidia walioathiriwa na uvamizi huo, na malipo ya mwisho yalifanywa mwaka 2022 baada ya jumla ya dola bilioni 52.4 kutolewa.

Ugiriki haijapata jibu kama hilo. Mbali na gharama za kila mwezi, wakati wa vita ililazimishwa kuikopesha Ujerumani, na kiasi kinachotajwa ni mark milioni 476. Mwaka 2019 bunge la nchi hiyo lilipiga kura kuitaka serikali idai fidia, ikiwa ni pamoja na mkopo huo. Msimamo wa Ujerumani umekuwa kwamba suala hilo lilikwisha kufungwa kisheria.

Huko Hong Kong, familia nyingi hazikuzichoma yen zao za kijeshi. Walizitunza katika masanduku na mikebe wakiamini kwamba serikali iliyotoa noti haina budi kuilipa. Waliungana wakadai, na hatimaye wakaishtaki serikali ya Japani mjini Tokyo. Mwaka 1999 mahakama ilitupilia mbali kesi yao. Wengi wa waliosimama foleni mwaka 1942 kubadilisha dola nne kwa yen moja walikuwa wamekwisha kuaga dunia.

Mkataba wa Geneva wa 1949, uliotungwa kuwalinda raia wakati wa vita, nao haukuweka kanuni ya wazi kuhusu kiwango cha kubadilishia pesa katika nchi iliyotekwa. Maadamu pengo hilo lingalipo, kamanda atakayeuteka mji kesho bado anaweza kubandika tangazo lake la mistari michache, na mwenye duka atakayelisoma hatakuwa na mahakama ya kulipeleka siku hiyo.